Kaikor: Mzee nilimleta, mbuzi nikawasahau

AHADI ni deni, na deni langu mimi lilikuwa Kaikor, kaskazini mwa Turkana, mahali ambapo ukimwambia mkazi wa Nairobi kwamba unaelekea huko, atakuuliza kama hapo bado ni Kenya.

Deni lenyewe lilianza Agosti 2018. Nilikuwa nimekwenda kuandika makala kuhusu bei ya mifugo, na siku ya mwisho nikampiga picha mzee mmoja aliyekuwa ameketi chini ya mgunga. Alikuwa juu ya kigoda chake kidogo ambacho Waturkana hukiita ekicholong, fimbo mkononi, macho yakitazama mbali. Nilipoteremsha kamera aliniuliza, kupitia kwa mwalimu kijana aliyekuwa mkalimani wangu, kama picha hiyo ataiona. Nikamjibu kwamba nitamletea mwenyewe.

Mzee akacheka hadi meno yakaonekana. Akasema wapiga picha ni kama mvua ya Kaikor: huonekana kwa mbali, watu wakafurahi, kisha ikaenda kunyesha kwa wengine.

Picha ilichapishwa gazetini. Mwaka ukapita. Mwaka 2020 korona ikaingia na safari zikasimama. Kisha kuanzia mwisho wa mwaka huo mvua ikakosekana misimu mitano mfululizo, na kila nilipoona habari za ukame wa kaskazini nilikumbuka kile kicheko. Agosti 2024 nikaamua kwamba yatosha. Nikaisafisha ile picha katika studio moja jijini, kubwa, yenye fremu ya mbao, nikaifunga kwa taulo na kuiweka ndani ya mkoba.

Sikuwa peke yangu. Mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu, aliposikia naenda Turkana alinisihi hadi mama yake akachoka na kukubali. Msichana huyu ana ugonjwa mmoja: anapenda vitu vilivyochakaa. Mwenzake akipiga picha keki, yeye hupiga picha bawaba yenye kutu, mlango uliopauka, sufuria lililotoboka. "Mjomba," huniambia, "kitu kipya hakina la kusema."

Basi tukapanga kwamba kila siku tufanye safari moja fupi, tutoke alfajiri na kurudi kabla ya giza.

Mawe yaliyokuwa watu

Siku ya kwanza tulianzia Lodwar. Mji huu uko kilomita 700 hivi kutoka Nairobi, kando ya mto Turkwel, na joto lake la mchana hupita nyuzi 35 bila kumwomba mtu ruhusa. Tulitoka saa kumi na moja na nusu asubuhi kufuata barabara ya Kalokol, kilomita 60 hivi kuelekea ziwani.

Kabla ya kufika Kalokol, kando tu ya barabara, kuna kundi la mawe marefu meusi yaliyosimikwa ardhini, yote kumi na tisa, mengine yameinama kama wazee wanaonong'onezana. Wenyeji hupaita Namoratunga, yaani watu wa mawe. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba hawa walikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma. Akatokea mgeni wa ajabu, wakamcheka, naye akawageuza mawe papo hapo. Hadi leo mpita njia huokota kijiwe na kukiweka juu ya mmojawapo, ishara ya heshima.

Wataalamu nao wana hadithi yao. Mwaka 1978 watafiti wawili waliandika kwamba mawe haya yalipangwa kufuata nyota fulani, ili watu wa kale wahesabu miezi. Wengine wakapinga. Utafiti wa baadaye katika maeneo yenye mawe kama haya kando ya ziwa umeonyesha kwamba wafugaji wa kwanza wa eneo hili waliyasimika kiasi cha miaka 5,000 iliyopita. Lothagam, kusini kidogo, chini ya mawe ya aina hiyo walizikwa watu wasiopungua 580, wakubwa kwa wadogo, wanaume kwa wanawake, karibu wote na mapambo yao. Kwamba kulikuwa na wafugaji hapa kabla ya piramidi kubwa za Misri kujengwa ni jambo la kumfanya mtu avue kofia.

Tulipiga picha hadi saa mbili na nusu. Baada ya hapo jua lilikuwa limekwisha kuyala mawe: hakuna kivuli, hakuna umbo, kila kitu cheupe. Hilo ni somo la kwanza la mpiga picha Turkana. Una saa mbili asubuhi na mbili jioni. Zilizobaki ni za kulala kivulini.

Nyumba ya mpishi

Siku ya pili tulifunga mizigo juu ya Landikruza ya kukodi na kuelekea kaskazini, Lokitaung hadi Kaikor. Usafiri wa umma huku ni malori na magari machache yenye kubeba unga, mbuzi na binadamu kwa pamoja, na huondoka yakijaa.

Lokitaung ni mji mdogo uliobanwa na vilima vya mawe. Kwa kizazi cha babu zetu jina hilo lilikuwa na maana moja tu: mwisho wa dunia. Hapa ndipo serikali ya kikoloni ilipomleta Jomo Kenyatta na wenzake baada ya kuhukumiwa Kapenguria Aprili 1953: Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba. Baadaye akaletwa pia Waruhiu Itote, yule Jenerali China wa msituni. Wale wa Kapenguria walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu, ila Kenyatta, kwa kuwa umri ulikuwa umesonga, alipewa kazi ya kuwapikia wenzake.

Mpwa wangu alisimama pale akatikisa kichwa. "Yaani Rais wa kwanza alikuwa akisonga ugali hapa?"

Alikuwa akisonga ugali hapa. Na haikuwa jela ya kuhitaji kuta ndefu, kwa kuwa mfungwa akitoroka angekwenda wapi? Jua na kiu vilikuwa askari wa kutosha. Hata hivyo sauti zao zilitoroka. Mwaka 1958 wafungwa waliandika barua kulalamikia hali yao, na barua hiyo ikachapishwa katika gazeti la Observer kule London. Mwaka uo huo Oginga Odinga akasimama katika Baraza la Kutunga Sheria na kusema kwamba watu hao bado ni viongozi. Mwaka 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar, akakaa huko hadi 1961 alipopelekwa Maralal na hatimaye kuachiliwa.

Tulichopiga picha zaidi si nyumba. Zilikuwa komeo za chuma zilizoliwa na kutu, mawe ya ukuta yaliyong'arishwa na migongo ya walioegemea, na mti mmoja wa kivuli ambao mlinzi mmoja alituapia kwamba ulikuwapo enzi hizo. Sikuwa na njia ya kujua kama ni kweli. Niliupiga picha hata hivyo.

Asubuhi ya Kaikor

Kaikor yenyewe haitakuita kwa kelele. Ni kituo cha biashara chenye maduka ya mabati yaliyopangwa pande mbili za njia pana ya vumbi, shule, zahanati, kanisa, kituo cha polisi, na kibanda kinachouza chai ya maziwa na mandazi kabla jua halijachomoza. Kutoka hapa njia huendelea kaskazini kuelekea Kibish na mipaka ya Ethiopia na Sudan Kusini. Upande wa kaskazini-magharibi unaona milima ya Lorionotom, ya buluu asubuhi, kahawia mchana, na ya zambarau jioni.

Yule mwalimu kijana wa 2018 sasa ana ndevu na watoto wawili. Alitupokea kwa mikono miwili. "Ejoka?" "Ejok-nooi!" Lakini nilipomwuliza habari za mzee wangu, alinyamaza kidogo, akachukua mkoba wangu begani.

"Mzee alituacha mwaka 2022," akasema. "Mama mwenye boma yupo. Kesho kutwa nitakupeleka. Kesho pumzika kwanza, uzunguke."

Sikupumzika. Usiku ule nilikaa nje ya chumba cha wageni nikitazama nyota, na taulo lenye picha likiwa magotini.

Kulipokucha tulikwenda kwenye laga. Laga ni mto wa mchanga ambao hupita maji siku chache tu kwa mwaka, lakini maji huwa chini. Wanawake walikuwa wamechimba kisima hadi mtu akazama mzima. Mmoja yuko chini anachota kwa bakuli, wa pili katikati anapokea, wa tatu juu anamimina katika hori la mbuzi. Huku wanaimba, na mbuzi wa kila boma wanajua wimbo wao. Kundi moja linakunywa, lingine linangoja kando bila kusukumana. Mpwa wangu alisema foleni za matatu Nairobi zingepaswa kuja kujifunza hapa.

Kandokando ya laga miti si ya pori tu. Migunga, ambayo huitwa ewoi, hutoa maganda yanayolisha mbuzi wakati wa kiangazi, na kwa mila kila familia ina sehemu yake ya miti kando ya mto, inayoitwa ekwar. Huingii ekwar ya mtu na kukata matawi, wala kuokota maganda bila idhini. Wageni waliokuja wakiandika kwamba huku ni ardhi isiyo na mwenyewe hawakuuliza.

Ukitoka kwenye laga unakutana na vichuguu vya mchwa, virefu kuliko mlango wa nyumba, vyembamba kama mabomba ya moshi ya kiwanda. Na mahali penye mawe, ambapo huwezi kutarajia hata jani, lipo waridi la jangwani: shina nene lililovimba kama mguu wa tembo mdogo, bila majani, limejaa maua ya waridi. Tulilala kifudifudi vumbini kulipiga picha. Watoto watatu waliokuwa wakichunga walitutazama, wakatazamana, wakacheka. Nikakumbuka yale mawe ya Kalokol. Sisi lakini hatukuwa na uwezo wa kumgeuza mtu.

Kitu cha zamani cha wiki mbili

Mchana tukafika kwenye boma la mama mmoja anayejulikana kwa kuchonga vyombo. Hapa mpwa wangu alichanganyikiwa kwa furaha. Chini ya kivuli palikuwa na elepit, chombo cha kukamulia maziwa. Akurum, kibuyu kikubwa cha mbao cha kuhifadhia na kugandishia. Ebur ya ngozi ya kuwekea mafuta. Na bakuli za mti zenye masikio. Zote zina mikanda ya ngozi na baadhi zimepambwa kwa shanga. Ndani huchomwa kwa vijinga vya moto vya mti maalumu, maziwa yakapata harufu ya moshi na kutoharibika upesi. Kando yake, bila aibu yoyote, palikuwa na mitungi ya plastiki ya manjano na mikebe ya mafuta ya msaada yenye maandishi yaliyofifia.

Kilichomvutia mpwa wangu zaidi ni elepit moja nyeusi, iliyopasuka mdomoni na kushonwa kwa ngozi. "Nyanya, hii ina miaka mingapi?" akauliza kwa sauti ya unyenyekevu, kama mtu aliye kanisani.

Mwalimu akatafsiri. Mama akaitazama ile elepit, akaanza kutikisika mabega. Alicheka hadi akafuta machozi.

"Anasema ina wiki mbili," mwalimu akatuambia, naye akijizuia. "Wanunuzi kutoka mijini wanataka kilichozeeka. Kwa hivyo yeye anachonga kipya, anakipasua kidogo, anakishona, halafu anakitundika juu ya moshi wa jikoni na kukipaka mafuta. Baada ya wiki mbili kinakuwa cha bibi yake."

Mpwa wangu aligeuka rangi, kisha akacheka kuliko sisi sote. Nami sioni kosa la mama huyo. Vile vya bibi yake hasa, alitueleza, viliuzwa. Viliondoka kimoja kimoja miaka ya ukame, unga ulipokosekana na mnunuzi akafika na gari. Huko viliko sasa hajui. Huenda viko sebuleni kwa mtu Nairobi, na huenda vimevuka bahari. Vigoda na vyombo vya Waturkana vimekuwa vikisafiri tangu zamani. Hata jumba la makumbusho la British Museum kule London linavyo.

Waturkana huipa miaka mibaya majina yake. Kile kiangazi cha 1979 hadi 1981, kilichokuja na maradhi ya mifugo, wanakiita Lopiar, yaani kilichofagia. Mama yule alisema Lopiar ilifagia mbuzi na ng'ombe, huu wa juzi ukafagia hata vyombo.

Mpwa wangu alinunua ile elepit ya wiki mbili, kwa bei iliyotajwa, bila kuvuta. "Hii angalau najua historia yake yote," akasema.

Mbuzi wako wapi?

Siku ya nne tulitembea kwa miguu, saa nzima kutoka madukani, hadi boma la mzee. Mjane wake alikuwa ameketi mlangoni mwa ekol, kibanda cha mchana, shanga zimejaa shingoni hadi kidevuni. Mwalimu alimwinamia. "Ata," alimwita, yaani nyanya, akamweleza sisi ni nani. Alinitazama muda mrefu. Akasema ananikumbuka: ndimi niliyekuwa na kofia kubwa na viatu vibaya.

Tukatoa sukari, majani ya chai na tumbako tulivyobeba. Tukatoa pole. Kisha nikafungua taulo.

Nilikuwa nimeiwaza saa hiyo kwa miaka. Nilifikiri atalia, au atainyooshea mkono picha na kuigusa usoni. Alifanya hivyo, aligusa uso. Akagusa kigoda. Akasema neno, mwalimu akatafsiri: "Ndicho kile." Alieleza kwamba wakati wa ukame mfanyabiashara alitaka kukinunua kwa shilingi elfu moja na mia tano. Mzee akiwa mgonjwa alikataa, akasema hawezi kuuza mahali ambapo kichwa chake kimelala miaka yote hiyo. Ekicholong ni kigoda mchana na ni mto usiku. Sasa kiko kwa mwana mkubwa, aliye malishoni upande wa Lorionotom.

Kisha akaigeuza picha. Akatazama nyuma ya fremu, akatazama tena mbele, kando, juu. Akauliza kitu kwa sauti kali kidogo.

Mwalimu alisita. "Anauliza mbuzi wako wapi."

Sikuelewa. Mbuzi gani?

"Anasema siku ile mbuzi walikuwa nyuma ya mzee. Yeye ndiye aliyekuwa akiwarudisha kutoka majini. Anasema ulimpiga mzee pamoja na mbuzi wake. Sasa mbona umewatoa?"

Ndipo nikakumbuka. Kabla ya kuipeleka picha ile gazetini mwaka 2018 niliikata mwenyewe. Katika chuo cha uandishi wa habari tulifundishwa hivyo: ondoa kisichohitajika, msogeze msomaji karibu na uso. Nyuma ya mzee kulikuwa na fujo ya mbuzi, vumbi na mitungi, nami nikaifyeka yote ili abaki yeye na kigoda chake. Picha ikapendeza sana. Hata nilipoisafisha tena kwa ajili ya safari hii, nilitumia ile iliyokatwa.

Nilitafuta maneno nisiyapate. Mpwa wangu ndiye aliyeniokoa. Kabla hatujaondoka Nairobi alikuwa amenakili picha zangu zote za zamani katika simu yake, zile zisizoguswa. Akaitafuta, akaikuza, akapiga magoti kando ya nyanya na kumshikia simu chini ya kivuli cha kanga.

Palikuwa kimya. Kisha nyanya akaanza kuhesabu.

Hakuhesabu kwa tarakimu. Alihesabu kwa kuwataja. Yule mweusi mwenye paji jeupe. Yule mwekundu wa pembe iliyovunjika. Yule wa kijivu, mama wa mapacha, aliyetolewa mahari na kurudi tena kwa njia ya deni. Yule wa madoa aliyekuwa akiongoza wenzake majini. Kwa kila mmoja alieleza alikotoka na alikokwenda, na mwalimu akachoka kutafsiri, akawa anasema tu, "Huyu alikufa. Huyu alikufa. Huyu aliuzwa. Huyu alikufa." Mimi niliona picha ya mzee iliyoharibiwa na mbuzi. Yeye aliona boma lao lilivyokuwa kabla ya kufagiwa, na mwenye boma akiwa ameketi mbele ya mali yake kama inavyostahili. Mzee hakuwa akitazama mbali kwa mawazo, kama nilivyoandika gazetini. Alikuwa ameketi pale kuwasubiri mbuzi warudi.

Alipofika ukingoni mwa picha alisimamisha kidole juu ya mbuzi mdogo mweupe, nusu mwili tu ukionekana. Akainuka bila kusema, akaenda kwenye zizi la miiba, akarudi amebeba kitoto cha mbuzi cheupe kinachopiga kelele.

"Mjukuu wa yule," mwalimu akasema.

Mpwa wangu alimwomba ruhusa ya kumpiga picha. Akakubali, kwa sharti moja ambalo halikuhitaji kutafsiriwa: alisogea hatua tatu kushoto, ili zizi lote lionekane nyuma yake.

Ukitaka kwenda

Msomaji, huenda nawe una kamera, au simu tu, na likizo inakaribia. Turkana inafikika. Kuna ndege za kila mara kutoka Nairobi hadi Lodwar, na mabasi hupitia Kitale, Kapenguria na Lokichar. Barabara kuu kutoka Lodwar kwenda Kakuma, kilomita 120 hivi, ni rahisi kuliko njia ya Kaikor. Ukipita Kakuma usiishie kupiga picha za kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992. Milima ya Pelekech iko karibu, nayo jioni hupendeza mno.

Kwa Kaikor, kodi gari lenye nguvu na dereva wa huko anayezijua laga. Mvua ikinyesha milimani, mchanga mkavu huweza kugeuka mto kwa dakika chache hata kama juu yako jua linawaka. Kabla ya kutoka mjini uliza hali ya usalama katika kituo cha polisi, kwa sababu uvamizi wa mifugo mpakani haujakwisha. Ukiambiwa leo msiende, msiende.

Beba maji mengi kuliko unavyodhani utakunywa. Funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki dhidi ya vumbi. Simu usiiache juani, itazimika.

Usiokote jiwe wala mfupa, hata ukiwa mdogo kama kidole. Nchi hii ndiyo iliyotoa mifupa ya yule Kijana wa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka 1984, mwenye umri wa miaka milioni moja na nusu hivi. Kimeu alianza kwa kuona kipande kimoja kidogo cha fuvu kati ya changarawe. Huko Lomekwi nako kulipatikana mwaka 2011 zana za mawe za miaka milioni 3.3. Kipande unachokitia mfukoni huenda ndicho kingekuwa mwanzo wa habari nyingine kama hizo, fauka ya kuwa sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inakataza.

Usimpige mtu picha kabla ya kumsalimu. Ukiambiwa bei, lipa au ufunge kamera. Usibishane na mtu juu ya sura yake. Na ukiahidi kuleta picha, andika ahadi hiyo mahali utakapoiona kila asubuhi.

Sisi tuliporudi Lodwar tuliingia studio ya kwanza tuliyoiona, tukasafisha ile picha nzima, bila kukata hata ukucha: mzee, mgunga, vumbi, mitungi na mbuzi wote. Tukaitia katika bahasha ngumu na kumkabidhi dereva wa lori la unga. Siku tisa baadaye, nikiwa afisini Nairobi, simu ililia. Alikuwa mwalimu, amepanda kilimani kutafuta mtandao. Bahasha imefika. Nyanya ameitundika ndani, mahali moshi usipofika.

"Ametuma salamu," mwalimu akasema. "Anasema deni la mzee limekwisha."

Nikashukuru. Nikavuta pumzi.

"Anasema bado lake. Ile ya zizi lote."